Mkaguzi wa Kiraka Changu

Jumatatu, 2 Juni

Kazi ya chumba cha kompyuta shuleni itakuwa yangu. Nimeamua. Msimamizi wa zamani amehama, mwalimu mkuu ni dada yangu wa tumbo moja, na mimi naishi chumba cha uani nyumbani kwake bila shughuli ya maana. Jambo limejipanga lenyewe.

Tatizo ni kwamba dada ni mtu wa haki mpaka anachosha. Wakati wa chai amesema hawezi kumpa mtu kazi kwa sababu tu anakula mezani kwake. Anataka aone kazi ya mwombaji iliyokubaliwa na watu wasiomjua. Nikameza mkate bila kutafuna.

Ufunguo wa chumba kwa sasa anao mwalimu wa hesabu. Mimi humwita Kikokotoo kwa sababu hujibu swali kabla hujalimaliza. Anaringa kwamba jina lake limo ndani ya programu ya kengele. Ndiyo programu inayoendesha shule yetu: kompyuta ya ofisini inapiga kengele yenyewe, ya kuingia, ya mapumziko, ya chakula, ya kwenda nyumbani. Ni programu huria. Yaani mtu yeyote duniani anaweza kusoma jinsi ilivyoandikwa, na akiona kasoro anaandika rekebisho, wenyewe wanaliita kiraka, analituma kwa barua pepe mbele ya wote. Likikubaliwa, linashonwa ndani na jina lake linabaki humo. Kikokotoo alisahihisha neno moja kwenye maelezo. Neno moja! Anatembea kana kwamba amejenga daraja.

Mimi si mtu wa kushuku, lakini neno moja limempaje mtu ufunguo?

Kumbe bahati imenikalia mlangoni. Programu ina kasoro. Umeme ukikatika kisha ukarudi, inapiga kwa mfululizo kengele zote zilizopita. Wiki iliyopita watoto walisikia ya mapumziko, ya chakula na ya kwenda nyumbani kwa pamoja, wakaenda nyumbani. Dada alisimama getini amenyoosha mikono, wakampita kama maji. Leo amesema mtihani wa muhula unaanza tarehe kumi na sita, na atakayeitengeneza kengele kabla ya hapo, kwa njia iliyo wazi, ndiye atakayeshika chumba. Kikokotoo alikuwepo. Alitabasamu. Sikulipenda lile tabasamu.

Jumanne, 3 Juni

Nimemaliza! Mstari mmoja tu: umeme ukirudi, kengele zote ambazo saa yake imepita ziachwe. Nani mwingine angewaza hivyo?

Nilipokuwa humo ndani nikaona nisafishe na mengine. Nimesogeza mistari yote ya faili, maana aliyeiandika hajui kuacha nafasi. Nimebadilisha mlio wa kengele nikaweka tarumbeta, mlio wenye heshima. Nimeondoa na jina la Kikokotoo kwenye shukrani, si kwa ubaya, lilikuwa linachukua nafasi.

Kiraka nimekipa kichwa "Marekebisho Muhimu Sana". Mwishoni wanataka sahihi kwa jina halisi. Jina halisi la nini? Mtu akishajua jina lako anajua pa kukutafuta. Nimetia sahihi ya Fundi Mkuu na kutuma.

Jumatano, 4 Juni

Jibu limekuja haraka kuliko kawaida ya watu wema. Mwandishi ni msimamizi wa programu, anayetumia picha ya kobe. Nitamwita Kobe. Ana adabu nyingi. Adabu nyingi hivyo kwa mtu asiyemjua, kuna jambo.

Kobe amenishukuru, kisha akasema kiraka kimoja kibebe jambo moja. Rekebisho la kengele peke yake, nafasi za mistari peke yake, tarumbeta peke yake. Nimeielewa hila hiyo. Mbuzi mzima ukimwiba utaonekana, lakini ukimchukua mguu leo na bega kesho nani atajua alikuwa mbuzi wa nani?

Amesema pia kichwa kiseme kinachobadilishwa, na maelezo yaseme kwa nini ninabadilisha, si nini tu, maana nini wanakiona wenyewe. Yaani niwafundishe akili yangu bure. Halafu niseme nimekijaribu wapi. Kukijaribu! Kompyuta yenye kengele iko ofisini, pembeni ya meza ya Kikokotoo. Ameuliza kwa upole kabisa kwa nini jina la mwalimu fulani limeondolewa kwenye shukrani. Hilo sitalijibu.

Na jina, amesema tena, liwe la kweli. Sahihi ndiyo kiapo chako kwamba kazi ni yako na unaitoa kwa hiari. Anayekosa jina, hata kazi iwe nzuri vipi, hawaipokei.

Alhamisi, 5 Juni

Nimekigawa kiraka. Tarumbeta wameikataa asubuhi hiyo hiyo. Kobe anasema kengele si yangu peke yangu. Nafasi za mistari wamesema zisubiri. Limebaki rekebisho lenyewe, mstari wangu mmoja, uchi kama kifaranga.

Kuhusu jina nimepata ufumbuzi wa kijanja. Nimetia sahihi kwa jina la marehemu babu. Ni jina halisi, la mtu halisi, na ameshakufa, hivyo hakuna wa kumfanyia hila. Watakapokubali nitamweleza dada. Kobe ameridhika. Ameniandikia "karibu, mzee".

Ijumaa, 6 Juni

Kimya. Nimefungua barua mara nyingi mpaka shemeji, mume wa dada, akaniuliza kama nasubiri majibu ya damu. Nimemwandikia Kobe kuuliza kulikoni. Amejibu kwamba watu wote hapa hujitolea, nivute subira, na kwamba kiraka hakiingii mpaka mtu mwingine akisome na kuweka alama chini yake: Imekaguliwa na fulani.

Mtu mwingine! Nikaangalia ni akina nani wamo humo wanaojua kengele za shule. Nikaona jina la Kikokotoo. Atakisoma, atakisifu, ataweka jina lake chini ya jina la babu, kisha atamwambia dada kwamba walikifanya wote wawili. Namjua. Nilimwona leo ukumbini akicheka na mlinzi, na waliponiona wakaacha kucheka. Mtu asiye na njama hucheka mpaka mwisho.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nimekagua nguo zangu zote. Hapa hakuna wa kumwamini isipokuwa mimi. Basi mkaguzi nitakuwa mimi.

Jumapili, 8 Juni

Nimemzaa Mama Makini. Nimemfungulia akaunti, nikamwekea picha ya miwani juu ya kitabu. Ni mwalimu mstaafu, mjane, hana haraka, amezoea kompyuta tangu zamani. Nimejikuta nampenda. Asubuhi ameandika kwamba kiraka cha mzee ni kizuri kupita kiasi na kipitishwe leo leo. Chini akaweka alama: Imekaguliwa na Mama Makini.

Kobe amejibu kabla sijamaliza uji. Amemkaribisha mama, kisha akasema sifa si ukaguzi. Aeleze amesoma nini na ni kitu gani kilimtia wasiwasi, hata kama ni kidogo. Mkaguzi asiyeona shaka yoyote, watu wataona hakusoma.

Haya. Nikatafuta shaka ndogo, ya kupamba tu. Mama Makini ameandika hivi: "Mimi si mtu wa kushuku, lakini umeme ukikatika dakika ile ile ya kengele na kurudi punde, kengele hiyo si itaachwa kabisa? Watoto watajuaje kutoka?" Safi sana. Inaonyesha amesoma. Nimejipongeza kwa kikombe cha pili.

Jumatatu, 9 Juni

Balaa. Kobe anasema swali la Mama Makini ni la maana sana na kiraka hakitaingia mpaka mzee atakapolijibu. Wengine wawili kutoka huko wanakojua wao wamemshukuru mama kwa jicho lake kali. Mmoja anasema ni miaka hajaona ukaguzi wa namna hiyo. Babu hajasifiwa na yeyote, na mstari ni wake!

Nimekaa na lile swali asubuhi nzima. Sina jibu. Huyu mama anasema kweli.

Nikamjibu kama babu, kwa ukali. Nikasema wapo wastaafu wasio na kazi wanaotafuta makosa kwenye kazi za watu. Kobe amemwonya babu. Kasema hapa tunakosoa mistari, hatukosoi watu, na mzee akirudia atafungiwa wiki nzima. Babu akajibu kwamba hajaja hapa kufundishwa adabu na kobe. Babu amefungiwa.

Nikamtuma Mama Makini aseme ameridhika. Kobe kamuuliza, ameridhika na nini, mbona hakuna kilichobadilika? Akamwambia asikubali kushinikizwa na mtu mkali. Wamemwonea huruma! Jumuiya nzima iko upande wake.

Shuleni mambo ni mabaya zaidi. Kikokotoo amemwambia dada, mbele yangu, kwamba kuna mama mmoja kwenye programu ya kengele, mtu makini kuliko jina lake, na laiti shule ingempata. Dada akauliza anaishi wapi. Nikasema kwa haraka kwamba watu wa intaneti hawajulikani, huenda hata si mama. Wote wawili wakanigeukia.

Nimeanza kumshuku huyu mama. Amekuja juzi, na tayari anataka kazi yangu.

Jumatano, 11 Juni

Niliazimia kumuumbua. Kama kiraka changu kitafanya kazi mbele ya macho ya watu, Mama Makini atanyamaza. Asubuhi nikamwambia mlinzi kwamba dada amenituma ofisini kufuta vumbi. Kikokotoo alikuwa darasani. Nikakiweka kiraka ndani ya kompyuta na kutoka na kitambaa begani.

Mapumziko, kengele ikalia. Nikatembea uani mikono nyuma.

Umeme ukakatika wakati wa chakula. Si kabla, si baada. Ulikatika pale pale mkono wa saa ulipofika, kana kwamba Mama Makini mwenyewe alikuwa ameshika swichi. Ukarudi punde. Kompyuta ikawaka, ikaona saa imepita, ikanyamaza kama ilivyoamriwa.

Hakuna aliyetoka. Shule nzima ilikaa madarasani ikisikiliza tumbo lake. Wapishi walisimama na miiko mikononi. Wanafunzi wadogo walianza kulia kwa zamu. Dada alikuwa kikaoni na wazazi, anasubiri kengele imwokoe. Mtu pekee aliyefurahi ni Kikokotoo, ambaye alipata muda wa kumaliza mlinganyo wake na kuanza mwingine. Mwishowe mlinzi akaenda kugonga lile duara la chuma la gurudumu lililokuwa kengele ya zamani. Watoto walitoka kwa kishindo na wakamwangusha mpishi mmoja.

Jioni dada alirudi nyumbani moja kwa moja. Alipofika aliniuliza kama nina habari za kitambaa cha vumbi kilichokutwa juu ya kompyuta. Nikasema Kikokotoo ana tabia ya kuacha vitu ovyo.

Mambo yaliyotokea leo hayakuwa ya kawaida. Nani alijua kwamba umeme utakatika dakika ile? Mtu mmoja tu aliwahi kuitaja dakika hiyo, naye ni yule mama.

Ijumaa, 13 Juni

Kwa hasira nimekaa tangu jana na lile swali, na nimelijibu. Kwa kweli nimelijibu vizuri. Umeme ukirudi, programu iangalie kengele ya mwisho iliyopita. Kama imepita punde tu, iipige hiyo moja. Kama imepita zamani, iiache. Safari hii rekebisho nimelijaribu. Niliiweka programu kwenye kompyuta ya shemeji, nikawa nachomoa waya na kuchomeka, nachomoa na kuchomeka, mpaka shemeji akaja kuuliza nina ugomvi gani na ukuta. Kila mara kengele ililia inavyotakiwa. Sijui nieleze vipi, lakini moyo ulinijaa furaha. Nilitaka kumwita mtu aone.

Ila nani wa kulituma? Babu amefungiwa. Kwa jina langu? Watauliza nimetoka wapi ghafla na jibu la swali la mtu mwingine. Basi nimempa Mama Makini alitume. Jambo moja, kichwa kinachosema kinachobadilishwa, maelezo ya kwa nini, na jinsi lilivyojaribiwa kwa waya. Sikuwa nimekusudia kufuata masharti yao. Yalijipanga tu.

Kobe alimwomba mama kitu kimoja tu, sahihi kwa jina halisi. Mama akajibu kwamba ndivyo anavyoitwa mtaani kwao tangu ujana. Kikokotoo akalikagua, akauliza maswali mawili mazuri, na nikamjibu, yaani mama akamjibu, akaweka alama yake. Mchana Kobe akaandika kwamba amelishona kwa muda, huku akisubiri jina kamili. Chini ameongeza kwamba kasoro iligunduliwa na mzee, ingawa ana hasira.

Nimesoma ujumbe huo mara nyingi. Kazi yangu imekubaliwa na watu wasionijua. Wala hawatanijua.

Jumamosi, 14 Juni

Asubuhi dada amekuja chumbani kwangu na chai, jambo ambalo hafanyi. Akakaa kwenye kiti cha nguo. Nikajiweka tayari.

Alisema jana Kikokotoo aliweka kiraka kipya shuleni, wakazima umeme na kuwasha mbele ya walimu, na kengele ikalia vizuri. Mtihani uko salama. Kisha Kikokotoo akamrudishia ufunguo wa chumba. Akasema hakuwahi kuutaka, vipindi vya hesabu vinamtosha, na anayestahili ni aliyeandika kile kiraka.

Halafu dada akasema amesoma barua zote tangu mwanzo, kwa kuwa ziko wazi kwa kila mtu. Ameliona jina la babu. Akaniambia polepole kwamba babu yetu, Mungu amrehemu, alikuwa akiogopa hata redio, akiifunika kanga ili isimsikie. Nikasema majina hufanana. Akasema ndiyo, hufanana. Akasema huyo mama naye anaanza maneno kama mtu mmoja anayemjua, mtu ambaye tangu utotoni si mtu wa kushuku, lakini.

Nikanywa chai. Ilikuwa moto, nikaendelea kuinywa.

Akauweka ufunguo mezani. Alisema kama kwa bahati nampata Mama Makini, nimwambie kazi ni yake, hakuna atakayemuuliza ya kitambaa wala ya tarumbeta. Atie tu jina lake la kweli kwenye kiraka kabla ya Jumatatu, kama Kobe alivyoomba. Ni hilo tu, mdogo wangu, alisema. Akaniwekea mkono begani, akatoka.

Niliushika ule ufunguo. Ulikuwa bado na joto la mkono wake. Kwa muda nilikuwa na hamu kubwa ya kukimbia uani kumwita. Kweli nilisimama, nikafika mpaka mlangoni.

Bahati nzuri akili ikanirudia. Tangu lini watu wakatoa kazi hivi hivi, pamoja na chai? Kikokotoo atupe ufunguo kwa hiari yake? Kobe ang'ang'anie jina kwa siku kumi, kisha dada naye ang'ang'anie jina lile lile, na wote hawajuani? Mimi si mtu wa kushuku, lakini mtego ukiwa na chambo kitamu namna hii, hata panya mjinga angesimama kidogo. Nimempelekea dada ufunguo jikoni na kumwambia mama huyo simjui kabisa. Aliupokea, akaendelea kuosha vikombe kwa muda mrefu, vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Sasa nina mpango usio na tundu. Kesho Mama Makini atamwandikia dada kwamba anashukuru, afya haimruhusu, lakini anampendekeza kijana mmoja mwaminifu, ambaye nitakuwa mimi. Dada hatakubali pendekezo la mtu mmoja, lazima pawe na wa pili wa kulithibitisha. Nimeshamfungulia akaunti. Anaitwa Mzee Hakika, karani mstaafu, picha yake ni kalamu.

Barua yake nimeimaliza sasa hivi. Anasema kijana ni hodari, ana bidii, anafaa kabisa. Na kwa kuwa sifa tupu hazisadikiki, nimemwekea kuhusu kijana huyo shaka moja ndogo.